Somo Lililopelekwa Isangi

Huu ni mwezi wangu wa pili tangu nistaafu, na mke wangu ameshachoka kuniona nyumbani. Kwa hiyo Mama Furaha, anayeshika ofisi yangu ya masomo pale chuoni, aliponitumia neno kwamba nimwandikie mambo ya zamani, walifurahi wawili: yeye na mke wangu. Mimi nilijivuta kidogo. Miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa kuchapa maneno ya watu wengine, na mtu akizoea hivyo, ya kwake humjia kwa shida.

Alichotaka hasa ni kimoja. Wiki hiyo walikuwa wameambiwa kwamba kipindupindu kimeonekana kwenye boti iliyopanda kutoka chini ya mto, na kwamba huenda chuo kikafungwa. Walimu wakaanza kukimbizana uani, kila mmoja akiuliza kitu ambacho hakuna aliyekijua: wanafunzi watakwenda na nini? Furaha alikumbuka kusikia kwamba mimi nimeona chuo chetu cha ualimu kikifungwa mara mbili, mara ya kwanza kwa ndui na mara ya pili kwa bunduki, na masomo yakaendelea. Yaliendelea kweli. Lakini siwezi kuwaeleza namna yalivyoendelea bila kuwaambia yaliyompata Litokwa, na jambo hilo sijawahi kuliandika popote.

Niliingia kazini miezi michache kabla ya uhuru. Mimi ni mtoto wa mjini, wa familia za Waislamu, baba yangu alikuwa mshona kanzu, na nilipelekwa chuoni kwa sababu fundi mwenzake alisikia kwamba wanatafuta kijana mwenye mikono misafi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba katika kazi yangu hakuna siku mtu anatoka na mikono misafi. Chumba cha mashine kilikuwa nyuma ya jengo, kinanuka wino na mafuta ya taa, na mkuu wake alikuwa Papa Losala, maana kwetu baba huitwa papa, mtu wa Yanonge, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuniuliza kama najua kusoma. Alinipa bunda la karatasi nyeupe, akaniambia, "Pepeta."

Nikamtazama.

"Pepeta kama muchele. Karatasi ya hapa inakunywa maji ya hewa, inashikana. Ukiziweka kwenye mashine hivi, mbili zinaingia pamoja, moja inatoka na somo, ingine inatoka bure. Na ile ya bure ndio mwanafunzi wa mwisho anapata. Mwaka mzima ni yeye tu anapata ya bure."

Nilipepeta siku tatu. Alikuwa na kabati la bati ambalo ndani yake taa ya umeme haizimwi, na humo ndimo alimokaushia karatasi. Umeme ukikatika aliweka chungu cha makaa, mbali, akakaa kando yake kama mlinzi. Siku ya nne akanionyesha karatasi ya nta. Unaiweka kwenye mashine ya kuandikia bila utepe, herufi zinakata nta, kisha unaivisha kwenye pipa la roneo, ile mashine ya kunakili, unazungusha mkono, wino unapita kwenye matundu. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu, unangoja ikauke, unapiga tena. Walimu wa Kizungu hawakujua kwamba dawa ile ilikuwa inakwisha upesi kwa sababu ya makosa yao wenyewe, si yangu. Naomba liandikwe hilo angalau mara moja.

Papa Losala hakutupa karatasi ya nta hata moja. Zikishatumika alizisafisha kwa mafuta ya taa, akazianika kwenye waya uliokwenda kutoka ukuta hadi ukuta, kila moja na kibanio chake. Walimu walipopita dirishani walizicheka, wakiziita nguo za ndani za Papa Losala. Yeye alijifanya hasikii Kifaransa.

Uhuru ulipokuja, na vurugu zilizoufuata, walimu wale waliondoka karibu wote katika muda wa juma moja. Mmoja aliacha chaki mezani na sentensi ubaoni haijamalizika. Mkurugenzi mpya akawekwa, Bwana Alphonse, mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Bafwasende, mtu wa suti moja na subira nyingi. Siku ya kwanza aliingia chumbani kwetu akauliza masomo ya darasa la juu yako wapi. Papa Losala akanyoosha kidole juu, kwenye waya.

Masomo yote yalikuwa pale isipokuwa moja. Mwalimu wa sayansi alikuwa mtu wa kusomesha kutoka katika daftari lake mwenyewe, hakutaka mtu alichape, alisema somo ni la mwalimu. Daftari lile liliondoka naye kwa ndege. Mwaka ule wanafunzi wetu hawakusoma sayansi, na wapo walimu wazee mkoani humu ambao mpaka leo wakifika kwenye sura ya mvuke wanairuka. Kwa hiyo, Furaha, mwalimu akikuambia kwamba somo lake liko kichwani, mwambie alitoe sasa hivi, kabla hajaugua yeye mwenyewe. Usingoje boti ifike.

Ndui ilikuja miaka michache baadaye, katika mwaka wa shule uliotangulia ule wa uasi. Ilianzia kambi ya wapakuzi wa bandarini, na kabla mwezi haujaisha daktari aliamuru bweni letu liondolewe watu. Wanafunzi walichanjwa, wakakaa siku za kungojea, kisha wakapelekwa makwao. Mkaguzi alikuja akasimama mlangoni, hakuingia, akasema mwaka umekwisha, ni mwaka mweupe, wataanza upya ugonjwa ukitoka.

Bwana Alphonse alikuwa na darasa moja lililomuumiza moyo, la wanafunzi kumi na mmoja waliobakiza mwaka ule na mwingine mmoja tu ili wawe walimu. Alituambia, mimi na Papa Losala, "Hawa kumi na mumoja wakipoteza mwaka, nusu yao hawarudi. Mutu akishakaa nyumbani, nyumba inamumeza. Na kuna vijiji kumi na moja inawangojea."

Katika hao, Litokwa ndiye niliyemjua vizuri, na nilimjua kwa ubaya. Alikuwa mtoto wa mvuvi wa karibu na Isangi, mrefu, mzito wa kusema, na alikuwa na tabia ya kunirudishia karatasi zangu zenye makosa, ameyapigia mstari kwa penseli kwa heshima zote. Kwanza nilimchukia. Baadaye nikawa namchapia nakala ya mapema ili anionyeshe makosa kabla sijachapa zilizobaki. Mwalimu wa mazoezi ya ufundishaji alisema kijana huyu akisimama mbele ya watoto, ule uzito wa ulimi hauonekani tena.

Basi tukachapa. Tulifunga masomo ya miezi minne katika mabunda, tukayapeleka bandarini, tukajipongeza. Majuma sita hatukusikia kitu. Kisha Litokwa akatuma barua kwa mtumbwi wa wauza samaki wa moshi. Ilikuwa fupi. Alisema bunda amelipokea, amesoma mpaka ukurasa wa arobaini, na hajaulizwa neno na mtu yeyote, na kwamba mtu asiyeulizwa husinzia. Aliomba radhi kwa kusema hivyo.

Bwana Alphonse aliisoma akiwa amesimama, akaketi. Tulikuwa tumepeleka karatasi tukadhani tumepeleka shule. Siku ile tukaanza upya. Karatasi moja tu kwa juma: mbele somo, nyuma maswali matatu na nafasi ya kujibia, na majibu yarudi kwa chombo kilekile kilicholeta. Mwalimu anasahihisha kwa wino mwekundu, anaandika neno moja la mkono wake kwa mwanafunzi, inarudi. Kwanza tulisema hapelekewi karatasi ya pili mtu ambaye hajajibu ya kwanza. Kumbe lori la Bafwasende likikwama kwenye matope, mwanafunzi anaadhibiwa kwa ajili ya matope. Tukabadilisha: kila mtu awe na mbili mkononi, moja ya kujibu na moja ya akiba.

Nikatengeneza daftari ambalo Furaha analo bado, lile la jalada la kijani. Kwa kila mwanafunzi niliandika jina la gati lake au kituo chake cha lori, nani anapita pale kila juma, nani nyumbani anajua kusoma, na kama kuna taa. Ilinichukua siku tisa kuyapata hayo, wakati ambapo siku moja ya mwanzo wa mwaka ingetosha kuwauliza wenyewe wakiwa wamekaa madawati. Kwenye gati la hospitali muuguzi alikuwa akiyaweka majibu yote ndani ya sanduku lenye mvuke wa dawa kabla ya kutuachia, na dawa ile ilikaa ndani ya karatasi siku nyingi. Walimu walisahihisha machozi yakiwatoka. Wanafunzi hawakujua kamwe.

Tatizo lililobaki lilikuwa la wazazi. Papa Lifoko, baba yake Litokwa, hakujua kusoma. Aliona mwanawe mzima, ana nguvu, amekaa asubuhi na karatasi moja, wakati nyavu zinangoja. Shule anayoijua ina kengele na mwalimu. Hii ya karatasi moja aliiona ni uvivu. Litokwa akaandika pembeni mwa majibu yake kwamba anajibu akiwa mtumbwini, na ndiyo sababu ya yale madoa ya maji kwenye karatasi.

Hapo ndipo mimi, Ramazani, nilipopata wazo. Muhuri wa chuo, ambao sisi tunauita kashe, ulikuwa na alama ya serikali katikati. Papa Lifoko hakujua herufi, lakini duara lile alilijua. Alikuwa ameliona kwenye karatasi ya kodi na kwenye kitambulisho chake, na alijua kwamba likiwa mahali, jambo hilo halina mzaha. Nikaipiga kashe karatasi ya juma lile, katikati kabisa, ionekane. Juma lililofuata Litokwa akaandika kwamba asubuhi zote sasa ni zake, na kwamba baba yake ametafuta kopo la biskuti lenye mfuniko ili azitunze karatasi za serikali. Habari ilisambaa mtoni haraka kuliko ndui yenyewe. Wote kumi na mmoja wakaomba kashe. Nikazipiga pande zote mbili. Sitawaficha, nilikuwa na furaha kubwa. Kwa mara ya kwanza kitu kilichotoka katika kichwa changu, si katika mashine, kilikuwa kimesaidia.

Ugonjwa ukapungua, bweni likafunguliwa, wakarudi wote kumi na mmoja, wakakabidhi karatasi zao zote, wakafanya mtihani. Hakuna aliyepoteza mwaka. Wakaenda likizo, wamebakiza mwaka wa mwisho.

Ni katika likizo ile uasi ulipoingia mjini. Wasomaji wa umri wangu hawahitaji kuelezwa, na wa umri wa Furaha wamesikia vya kutosha. Nitasema tu kwamba wiki za kwanza watu wengi hatukujua ni kitu cha namna gani. Walisema shule zitafunguliwa. Muhula ukafika, hazikufunguliwa, barabara zimejaa vizuizi, wanafunzi wako makwao. Bwana Alphonse akatuita. Karatasi tatu za mwaka wa mwisho zilikuwa tayari kwenye nta. Daftari la kijani lilikuwapo, wavuvi wa Isangi walikuwa bado wanapanda na kushuka. Akasema tutafanya kama wakati wa ndui.

Papa Losala akavua miwani yake. "Tuma, Directeur. Lakini bila kashe."

Mimi nikasema, "Papa, bila kashe wazazi hawatakubali. Tutarudi kule kule kwa nyavu."

"Ramazani, wakati wa ndui ile kashe ilisomwa na papa ya mutoto. Sasa barabarani kuna watu wengine. Kashe haichague mutu wa kuisoma."

"Iko ya shule tu."

"Iko ya serikali. Angalia katikati."

Bwana Alphonse akasema Papa Losala ana haki. Nikaitikia. Mchana Papa Losala alikwenda kutafuta unga, na mimi nikabaki kukunja karatasi za kila mtu. Nikamwona mzee Lifoko akilini mwangu, ameshika karatasi isiyo na duara, anaigeuza huku na huku, anamwambia mwanawe apande mtumbwini. Mwaka mmoja tu ulikuwa umebaki. Nikafungua droo. Za wale wa mjini na wa barabara za lori nikaziacha bila kashe, maana waasi wangeziona. Za Isangi, ambako nilidhani ni mbali na ni kimya, nikazipiga. Ni Litokwa peke yake aliyekuwa wa Isangi. Karatasi tatu, pande zote mbili.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilifanya vile kwa ajili yake au kwa ajili ya wazo langu. Nadhani nilikuwa nimelipenda wazo langu kupita kiasi. Mtu akipata dawa moja iliyoponya, atampaka nayo hata asiyeumwa.

Kabla mwezi haujaisha tulijua wote kwamba kujua Kifaransa ni hatari, na kuwa na karatasi ni hatari zaidi. Walikuwa wanawatafuta makarani, walimu, mtu yeyote aliyeshika kalamu ya serikali. Wino ulio chini ya kucha zangu ulikuwa unaweza kuniua. Mke wangu alinisugua vidole kwa majivu na mawese mpaka ngozi ikatoka, nikaanza kuuza mihogo na watu ambao hawakuniuliza nilikuwa wapi jana. Papa Losala aliiingiza roneo katika ghala la shemeji yake, chini ya magunia ya unga. Bwana Alphonse alijificha msituni upande wa kwao.

Habari ililetwa na mwenye mtumbwi yuleyule aliyebeba karatasi. Alinikuta sokoni, akachuchumaa kama mtu anayechagua mihogo. Waasi walikuwa wamefika kwenye gati la kina Litokwa wakitafuta mtu mwingine. Waliingia nyumbani, wakafungua kopo la biskuti. Mwenye kusoma kati yao hakuwapo, lakini duara walilijua, kama Papa Lifoko alivyolijua. Wakasema huyu ni mtu wa serikali. Litokwa akawaambia yeye ni mwanafunzi. Wakaondoka naye kwa mtumbwi kuelekea chini, na hakurudi.

"Mihogo hii ni bei gani?" akaniuliza kwa sauti, kwa sababu mtu alikuwa anapita. Nikamjibu. Sikumbuki nilisema nini.

Serikali iliporudi tulikuta paa la bweni halipo na madawati yamekwenda jikoni kwa watu. Mashine ilitoka kwenye unga ikiwa nyeupe kama mkate, na ilifanya kazi. Darasa la mwisho likaanza tena na wale waliopatikana. Nilimwambia Papa Losala nilichofanya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukausha karatasi. Hakuniambia kwamba alikuwa amenionya, wala siku ile wala baadaye, mpaka alipostaafu akarudi Yanonge na kufa kitandani kwake. Ningependa kuwaambia vijana kwamba huyo ndiye bora kati ya wote walionifundisha, na kwamba mengi alinifundisha akiwa amenyamaza. Bwana Alphonse naye nilimwambia. Yeye alifunga mlango akanisema kwa muda mrefu, na alikuwa na haki.

Miezi kadhaa ikapita. Asubuhi moja, mvua imetoka kunyesha, mzee mrefu mwenye koti alisimama mlangoni pa ofisi, kofia mkononi. Nilijua ni nani kabla hajasema, kwa ule urefu.

"Jambo Directeur. Miye ni Lifoko, papa ya Litokwa, wa Isangi."

Bwana Alphonse akamvutia kiti. Mzee hakukaa. Alitoa ndani ya koti kitu kilichofungwa katika kipande cha turubai, akakifungua mezani. Ilikuwa karatasi yangu ya tatu. Ilikuwa na duara langu, na nyuma ilikuwa imejaa mwandiko wa Litokwa.

"Hii haikukuwa ndani ya kopo. Alikuwa ameisha kuiandika, aliiweka ndani ya mutumbwi chini ya nyavu, ingoje wenye kupanda. Hawakuiona. Alijibu yote. Bon. Nimeileta isahihishwe."

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kabati, na nilijua kwamba nikinyamaza sasa nitanyamaza maisha yangu yote.

"Papa," nikasema, "ile kashe ni mimi nilipiga. Walinikataza. Nikapiga, juu nilijua bila kashe hautamuachia asubuhi yake. Ni ile kashe ndio waliona."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa samaki wa miaka mingi, hayakuonyesha neno.

"Weye ndio Ramazani?"

"Ndiyo, Papa."

"Alikuwa anakutaja." Akageuza kofia mkononi. "Waasi walipofika Yangambi, Litokwa aliniambia, papa, zile karatasi tuzichome. Mara mbili aliniambia. Nikamukatalia. Nikasema karatasi yenye kashe haichomwe, mutu anafungwa. Donc, weye ulipiga, miye nikaweka. Nimekwisha kulia juu ya ile. Usinifanye nilie tena hapa mbele ya Directeur." Kisha akasukuma karatasi mbele. "Musahihishe."

Bwana Alphonse akachukua kalamu nyekundu. Nilidhani ataandika tu namba nzuri, amfurahishe mzee, aende zake. Mtu mwingine angefanya hivyo. Yeye alisoma jibu la kwanza lote, akaweka alama. La pili, akaweka alama. Mzee alifuata kila mwendo wa kalamu. Swali la tatu lilitaka mwanafunzi atayarishe somo la kugawanya kwa watoto wasio na kitabu, kwa vitu vya nyumbani kwao. Litokwa alikuwa ameandika juu: kwa watoto wa gati letu. Watu watatu wamekwenda kuvua kwa mtumbwi mmoja, wamepata samaki ishirini na tatu. Kila mmoja anachukua saba. Kwisha.

Kalamu ilisimama hapo. Bwana Alphonse akavuta mstari mdogo mwekundu, akaandika alama, kumi na nane juu ya ishirini.

"Amekosa?" akauliza mzee.

"Kidogo tu, Papa. Iko muzuri sana."

"Amekosa wapi?"

Bwana Alphonse angeweza kumwambia si kitu. Akaigeuza karatasi, akaweka kidole. "Hapa. Samaki ishirini na tatu, watu watatu. Kila mutu saba, inakuwa ishirini na moja. Mbili zinabaki. Hakuandika zile mbili zenye kubaki. Mwalimu lazima aonyeshe watoto kile kinachobaki."

Mzee Lifoko aliinamia karatasi ambayo hakuweza kuisoma. Kisha akainua kichwa, na nikaona kwa mara ya kwanza kitu usoni mwake, na kilikuwa hasira.

"Directeur, zile mbili hazibaki. Zile ni za mutumbwi."

"Za mutumbwi namna gani?"

"Kwetu, isiyogawanyika ni ya mwenye mutumbwi. Haihesabiwi, haisemwe. Mutoto wa miaka mitano wa pale gatini anajua. Ukiuliza watoto ya kwetu nini inabaki, watakucheka. Hakuna kitu inabaki." Akagonga meza kwa kidole. "Yeye hakukosa. Alikuwa anawafundisha watoto ya kwetu. Aliandika ni ya kwetu, ama hakuandika?"

Bwana Alphonse akarudi juu ya jibu, akasoma tena ule mstari wa kwanza. Nilimfahamu miaka mingi, kabla na baada, na hiyo ndiyo mara pekee nilipomwona akisahihisha masahihisho yake mwenyewe. Aliikata kumi na nane kwa mstari ulionyooka. Akaandika namba nyingine kando yake, kubwa, akatia sahihi chini, akamgeuzia mzee karatasi kwa mikono miwili.

"Papa Lifoko ana haki. Miye nilisahihisha na akili ya mujini."

Mzee aliitazama namba ile kwa muda. Hakumuuliza mkurugenzi. Alinigeukia mimi.

"Iko muzuri?"

"Papa," nikamwambia, "juu yake hakuna namba ingine."